Kinga ya Bure kwa Kompyuta ya Nyumbani



Msimu wa korosho unapofika, kompyuta ya nyumbani huhifadhi hesabu za mauzo, namba za akaunti na barua za chama cha msingi. Mlango wake ni intaneti. Bawabu wake ni faiwoli, programu inayokagua mawasiliano yanayoingia na kutoka.

Kabla ya kupakua faiwoli ya bure, mwenye kompyuta na aiangalie kwanza ile aliyonayo. Tangu mwaka 2004, mfumo wa Windows huja na faiwoli iliyokwisha kuwashwa. Huzuia mawasiliano yasiyoombwa yasiingie, lakini kwa kawaida huyaachia yanayotoka. Anayetaka kuyadhibiti hayo pia anaweza kutafuta nyingine, akipima mambo matatu: Je, imepakuliwa kwa mtengenezaji mwenyewe? Je, maonyo yake yanaeleweka? Je, haipunguzi kasi ya kompyuta? Faiwoli mbili zisiwashwe kwa pamoja, kwani huweza kugongana.

Hata hivyo, bawabu hamzuii mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Nywila asipewe mtu yeyote, na ujumbe wa kitapeli unaoingia kwenye simu utumwe namba 15040.