Kitambaa Kwanza, Resini Baadaye: Ganda Jepesi la Meli ya Angani
Mada ya semina ya mafundi wa faiba na vijana wa ufundi, Junda, Kisauni



Vijana wanaotaka kujiundia puto refu lenye injini wameniuliza wanunue kitambaa gani, na wakinyweshe resini vipi. Kabla ya kufika dukani, tupige hesabu.

Huku pwani, mita moja ya ujazo ya heliamu huinua takriban kilo 1. Chukueni tufe lenye kipenyo cha mita 4. Ndani mna mita za ujazo 33 na nusu, kwa hiyo uwezo wake wote wa kuinua ni kama kilo 33. Ngozi yake ina mita za mraba 50. Sasa mwiteni fundi wa boti, nikiwemo mimi. Atatandika mati ya faiba ya gramu 450 kwa mita ya mraba, na mati hiyo hunywa resini zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Kila mita ya mraba itafika kilo 1.4 na ushei. Zidisheni kwa 50: kilo 70 na zaidi, kabla hamjatia mota wala betri. Chombo hicho hakitaondoka chini hata kidogo.

Iko njia ya mkato ambayo kijana aiandike ukutani. Kwa tufe, gawanya kipenyo kwa 6, upate kilo zinazoweza kuinuliwa kwa kila mita ya mraba ya ngozi. Mita 4 zinakupa gramu 670 hivi, na humo humo vipatikane ganda, mfuko wa gesi, mota na kamba. Kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyostahimili ngozi nzito. Ndiyo maana Wamarekani mwaka 1929 waliweza kurusha ZMC-2, meli ya angani yenye ganda la bati la aloi ya alumini. Ilikuwa na zaidi ya mita za ujazo 5,000, na bado bati lenyewe halikufika robo ya milimita.

Mkono wa fundi wa pwani umefundishwa ukarimu. Jahazi hupakwa deheni ya chokaa na shahamu mpaka kila ufa ushibe, na boti ya faiba tukiitilia shaka tunaiongeza tabaka. Majini unene ni usalama. Angani, resini inayozidi ni mzigo mtupu, kwa sababu nguvu imo katika nyuzi na kazi ya resini ni kuzishika tu. Hili ndilo ninalotaka mtoke nalo hapa, kwani najua ugumu wake: mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu kuuzuia mkono wangu.

Kisha jueni ganda linafanya kazi gani. Novemba 1917 Wajerumani waliituma meli ya angani L59 kutoka Jamboli, Bulgaria, imletee kamanda wao Lettow-Vorbeck shehena huku Afrika Mashariki. Ilifika anga ya Sudan, ikaamriwa kurudi, na ikatua ilikotoka baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kituo. Haikutarajiwa kurudi, kwa hiyo kitambaa chake cha nje kilikusudiwa kushonwa mahema huku kwetu. Nguo inayoweza kuwa hema haikuwekwa ili ishike gesi. Gesi ilikuwa katika mifuko yake ndani, na nguo ya nje ilikinga upepo, mvua na jua. Nasi tutenganishe kazi hizo. Ganda la faiba jembamba lina vitundu visivyoonekana, na heliamu hupenya.

Basi tununue kitambaa gani? Turubai la lori tuliweke kando, kwani lile la kawaida lina gramu 600 kwa mita ya mraba. Nailoni ya miraba, ya aina inayotumiwa kwa maputo ya watalii kule Maasai Mara, haizidi sana gramu 60, na kwa sehemu kubwa ya mwili sioni sababu ya kutia resini kabisa. Resini ibaki kwa pua, tumbo linalogusa ardhi na mapezi ya nyuma. Hapo nashauri kitambaa cha faiba kilichofumwa, gramu 100, kwa epoksi. Kikinyweshwa vizuri kitatoka na gramu 180 hivi. Peke yake kitabonyea kwa kidole, basi kiwekewe mbavu za povu gumu au vipande vya mwanzi. Aramidi, ile nguo ya manjano ya fulana za kuzuia risasi, ni nyepesi kuliko faiba na haipasuki ovyo, lakini hunywa unyevu, huchoshwa na jua na hukataa mkasi wa kawaida. Kiraka kimoja puani, chini ya rangi, kinatosha.

Mati msiijaribu kwa epoksi. Gundi inayoshika nyuzi zake nyingi imetengenezwa iyeyushwe na poliesta. Kwenye epoksi mati hubaki kavu na ngumu kukunjika.

Kuhusu kunywesha: kitambaa hutandikwa kikavu juu ya kalibu, kikafuatiwa na kitambaa cha kubandua, wavu wa kupitishia resini, kisha nailoni iliyozibwa kingo zote. Pampu ikifyonza hewa, hewa ya nje hukandamiza kwa nguvu inayokaribia tani 10 kwa kila mita ya mraba. Resini hufuata njia uliyoipangia, na inayobaki kwenye wavu hubanduliwa nao. Zima pampu dakika 15 uangalie geji. Ikishuka, usichanganye chochote. Siku moja ya masika niliona sindano imeshuka kidogo nikajiambia itatosha. Pembe moja ilivuta hewa, na kipande kizima kikatoka na mapovu meupe. Niliharibu kazi ya wiki nzima kwa kukosa subira ya nusu saa.

Joto letu nalo ni mtihani. Kila likipanda nyuzi 10, muda wa kufanya kazi na resini hupungua karibu nusu. Fanyeni alfajiri, mchanganye kidogo kidogo. Unyevu huacha utando kama nta juu ya epoksi; uosheni kwa maji kabla ya tabaka jingine, kwani msasa pekee huusambaza.

Tena, ng'ambo ya mkondo wa Tudor kuna uwanja wa ndege wa Moi. Hata puto lililofungwa kamba lisipande kabla hatujapata ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege.

Mezani nimeweka mizani ya jikoni na vipande vinne vya kile kitambaa cha gramu 100, sentimita 50 kwa 50. Kila kundi lipime chake kikavu, liandike, likinyweshe, kisha lipime tena kesho asubuhi kikishakauka. Zidisheni kwa 4 mpate uzito wa mita moja ya mraba. Kundi litakalovuka gramu 200 lirudie.