Moyo Wetu na Mafuta Tunayokula

Leo tunazungumza juu ya moyo, na hasa kile kitu madaktari wanaita kolesteroli.

Ni mara ngapi tumesikia matangani hapa Kisii na Nyamira, "Jana alikuwa akichuma majani chai, leo ameanguka tu"? Halafu minong'ono inaanza: nani amemroga? Minong'ono kama hiyo inaua. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Basi tujue kwamba moyo unaweza kusimama ghafla kwa sababu ya ugonjwa ulioanza miaka mingi nyuma, bila maumivu yoyote.

Kolesteroli ni kitu kama nta. Si adui. Mwili unaihitaji, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini letu wenyewe. Taabu ni pale inapozidi katika damu. Inajipachika polepole kwenye kuta za mishipa, kama matope yanavyoziba mfereji. Njia ikizibwa kwenye moyo, ni mshtuko wa moyo. Ikizibwa kwenye ubongo, ni kiharusi.

Sasa sikilizeni jambo moja. Mkebe wa mafuta ya mimea ukiandikwa "hayana kolesteroli", hiyo ni kweli, maana kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama. Lakini mafuta yanayoganda, hata ya mimea, yanalizuia ini kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Kwa hivyo tusisome maandishi peke yake. Tuangalie pia kama yanaganda.

Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones walichapisha utafiti wao wa Uganda. Waafrika waliokula zaidi ndizi za kupika na vyakula vya shambani walikuwa na kolesteroli ya chini, na ugonjwa huu wa moyo ulikuwa nadra sana kwao. Wahindi wa huko, waliokula mafuta mengi zaidi, walisumbuliwa nao sana. Ndizi hizo si ngeni kwetu. Chakula kinachotusaidia tunacho shambani.

Basi tufanye hivi:

1. Tupunguze mafuta yanayoganda, na nyama yenye mafuta mengi. Tutumie mafuta ya maji kama ya alizeti, tena tupime kwa kijiko, tusimwage tu.

2. Tule maharagwe na kunde mara nyingi. Nyuzinyuzi zake hushika nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kuchukua kolesteroli ya damu kutengeneza nyongo nyingine.

3. Tule ugali wa wimbi, chinsaga, managu na matunda. Parachichi zetu tusiuze zote. Mafuta yake ni mazuri kwa moyo, lakini yawe badala ya mafuta mengine, si nyongeza juu yake.

4. Chipsi na mandazi viwe vya siku moja moja, si vya kila asubuhi.

5. Tutembee. Milima tunayo bure, lakini siku hizi hata kwenda sokoni hapo karibu tunapanda boda boda! Na anayevuta sigara aache.

Mtu asitudanganye kwamba mwembamba hana kolesteroli. Huwezi kuijua kwa kujitazama kwenye kioo. Ni damu inayopimwa. Aliyefika miaka 40, mwenye presha au sukari, au ambaye mzazi wake alipata ugonjwa wa moyo mapema, aende hospitali aombe kupimwa.

Na wewe uliyepewa dawa na daktari, usiitupe kwa sababu umeanza kula managu. Wengine kolesteroli yao ni ya kurithi, na chakula peke yake hakitoshi. Chakula na dawa vinaweza kwenda pamoja.

Tuanze jioni ya leo, na sufuria ya nyumbani. Anayepika apunguze mafuta, na sisi tunaokula tusimnung'unikie.