Mbio za Magari ni Mchezo Halali

Wapo wanaosema mbio za magari si mchezo, kwamba kazi yote hufanywa na injini. Hoja hiyo haisimami. Kwenye njia za udongo kama zile za Mkange, Tanzania, dereva wa rali hufungwa mikanda, akavaa kofia ngumu na suti nzito isiyoshika moto, huku usukani ukimtikisa mikono. Pembeni, msoma ramani humtajia kona kabla haijaonekana. Akichelewa nukta moja, gari liko porini.

Historia ni yetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant waliishinda kwa Volvo iliyokwishatumika. Joginder akarudia 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliibeba mara 5. Injini peke yake haiwezi hayo!

Katika Safari Rally ya mwaka 2022, Naivasha, Mkenya Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3, moja ya madaraja ya mashindano ya dunia ya rali, akichuana na wanaume.

Hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inalitambua shirikisho la magari, FIA. Vyombo vyetu vya habari navyo viwape madereva wa rali nafasi yao kwenye taarifa za michezo.