Pikipiki Yangu ya Kichina

Ndugu Mwenyekiti, Walimu wetu, na ndugu zangu niliosoma nanyi hapa,

Niliombwa nizungumzie kazi ya serikali. Kwa ruhusa yenu nitazungumzia pikipiki, maana mimi ni bwana mifugo, na ng'ombe wa milima ya Usambara hawaletwi ofisini.

Nilinunua pikipiki ya Kichina ya njia mbovu, sisi 200, kwa akiba yangu. Ya Kijapani sikuimudu. Injini sina ugomvi nayo. Ni ya ukoo wa Honda CG125 ya mwaka 1976: vali husukumwa na vijiti, haina cheni ya ndani, na mafundi wa vijijini wanaijua. Taabu ni vilivyoizunguka.

Siku moja nikiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mwanangu nyuma, cheni ilichomoka ikabana gurudumu. Mtoto alivunjika mkono. Kibanio cha kiungo cha cheni kilifungwa kinyume tangu dukani: upande wenye mwanya ulitangulia, badala ya ule uliozibwa. Nami, mwenye digrii, nilikuwa nimeipanda miezi miwili pasipo kuchungulia.

Nikaifungua yote uani. Kila nati niliikaza upya. Nikabadili cheni na sproketi zake, plagi, na tairi nikaweka za kashata. Mke wangu aliuliza kwa nini sikufanya hivyo mapema. Sikuwa na jibu, Ndugu Mwenyekiti.

Siku hizi mwanangu ndiye anayekagua kibanio kila asubuhi, kabla sijapiga kiki.