Nyumba iliyowekwa rehani bado ni yako

Leo, hapa Bujumbura, tunazungumzia mkopo unaodhaminiwa kwa nyumba.

Ukiweka parseli yako rehani benki, hujaiuza. Utaendelea kuishi humo na, kama una wapangaji, kupokea kodi. Benki inapata haki iliyoandikishwa kwa msajili wa hati za ardhi: ukishindwa kulipa, nyumba inaweza kuuzwa, na benki ilipwe kabla ya wadai wasio na rehani. Haki hiyo inaifuata nyumba. Ukimuuzia jirani kimyakimya, atakuwa amenunua nyumba ambayo bado iko rehani kwa deni lako.

Je, benki inaweza kuja usiku na kubadilisha kufuli? Hapana. Kuna ilani, kuna utaratibu wa kisheria, kisha mnada. Wenzetu wa Kenya wameziandika hata siku: Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mdaiwa siku 90 za kurekebisha kosa, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Muuzaji analazimika kutafuta bei nzuri zaidi inayowezekana. Pesa zikizidi deni na gharama, ziada ni ya mwenye nyumba.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, haiko benki. Iko kwa mkopeshaji wa mtaani anayekusainisha karatasi ya mauzo akiiita dhamana. Usiisaini. Na mama na baba wa nyumba, someni mkataba nyote wawili, kabla ya kupokea hata faranga moja.