Kuotesha na Kupanda Mtufaa Katika Ardhi ya Mawe

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu khasa wenzetu wa Fumba, Bweleo, Dimani na kila anayelima juu ya mawe. Mti tutakaouzungumza ni mtufaa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Tufaa ninalolisema mimi ni hili letu, jekundu nje, jeupe ndani, lenye maji mengi. Lile linaloletwa mjini kutoka Afrika Kusini, ambalo wengi wanaliita epo, ni mti mwengine kabisa. Mti ule unataka miezi ya baridi ndipo utoe maua. Huko Bara wanaupanda Njombe na Lushoto, milimani. Ukitia mbegu yake kwenye kopo hapa Fumba huenda ikaota na ukafurahi, lakini matunda usiyatarajie.

Mtufaa wetu ni wa ukoo mmoja na mkarafuu na mzambarau. Aliyewahi kuotesha mikarafuu tabia hizi anazijua: mbegu haingoji, na mche mchanga hautaki jua kali.

Sasa kabla hujachukua mtaimbo, kuna jambo la kuuliza. Mtufaa wa mbegu unataka miaka 7 hivi au 8 ndipo uzae. Fumba ilitengwa kuwa eneo huru la uchumi tangu mwaka 1992, na katika miaka hii ya karibuni nyumba za mji mpya zimejengwa mahali palipokuwa vichaka na mashamba. Kwa desturi yetu Unguja mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwengine, lakini desturi hiyo haimzuii mtu mwenye ramani. Basi nenda kwa sheha, uliza kama pale unapotaka kupanda hapamo katika mpango wa ujenzi. Kama jibu halieleweki, panda kiamboni, karibu na nyumba yako. Miti 3 mizuri uani ina faida kuliko 20 mahali ambapo huna hakika napo.

Tuje kwenye mbegu. Chagua mti unaozaa vizuri kila msimu, wenye matunda makubwa na matamu. Matunda mengine hayana kokwa ndani, usishangae. Ukipata kokwa, ioshe na uipande siku hiyo hiyo au kesho yake. Usiianike juani wala usiiweke kabatini kungoja mvua, ikikauka imekufa. Tumia viriba au makopo yaliyotobolewa chini, jaza udongo mwekundu wa kinongo uliochanganywa na samadi iliyooza, fukia kokwa kidogo tu, kisha ezeka makuti juu. Kwa muda wa wiki 2 hadi 4 itachomoza. Mche ukae kitaluni miezi 8 hivi, na makuti uyapunguze kidogo kidogo ili uzowee jua.

Wako wanaotaka njia ya mkato, nao hawakosei. Chagua tawi nene kama kidole gumba, toa gamba kuzunguka tawi kwa upana wa vidole viwili, kwangua ute wote, kisha funga hapo udongo wenye rutuba uliochanganywa na usumba ulioroweshwa, na nje zungushia nailoni uikaze juu na chini. Fanya hivyo masika yanapoanza. Baada ya miezi 2 au 3 ukiona mizizi, kata chini yake uupande mche kwenye kopo. Lakini usumba uliofukiwa pwani umejaa chumvi, uoshe mara nyingi kwa maji matamu kwanza. Mti wa namna hii huzaa mapema na matunda yake ni kama ya mama yake. Ubaya wake ni kwamba hauna mzizi mkuu. Kwa Fumba, kusi linavyopiga na udongo ulivyo haba, mimi ningeshika mbegu. Mzizi wa mche wa mbegu hujitafutia ufa katika jiwe ukashuka.

Shimo ndilo lenye kazi. Mtufaa haupendi chokaa, na mawe yetu ni chokaa tupu. Kwa hiyo usipande juu ya jiwe kavu. Zunguka shamba lako na mtaimbo, piga hapa na pale, tafuta mifuko ya kinongo. Mahali mtaimbo unapozama kupita goti hapo ndipo. Hata kama mistari haikunyoka, usijali, uwanda haujui kamba. Mti na mti uwe hatua 10. Chimba shimo la mita 1 kila upande kama mawe yatakuruhusu, toa vifusi vyote, jaza kinongo na madebe 2 au 3 ya samadi iliyooza na majani. Jivu usitie, wala saruji iliyobaki ujenzi, maana hivyo vinaongeza ule ule ukali wa chokaa. Mashimo yawe tayari kabla ya masika, na mche upandwe mvua za mwanzo zikishalowesha vizuri.

Ukishapanda, zungushia makumbi ya nazi na majani makavu, lakini yasiguse shina. Upande unaotoka kusi acha vichaka, au panda mivinje. Kiangazi cha kwanza mche unataka ndoo ya maji kila baada ya siku 3 au 4. Yaonje maji ya kisima chako kwanza. Visima vya karibu na pwani hugeuka chumvi wakati wa jua, na maji hayo yataua mche huku wewe ukidhani unausaidia.

Ukiona majani machanga yanakuwa ya manjano na mishipa yake imebaki kijani, ujue chokaa inaunyima mti chuma. Ongeza samadi na majani yaliyooza, rudia kila msimu. Na mti ukishakua, shina lake usilichanjechanje na panga kwa kusafisha, maana maua yale mekundu hutoka hapo shinani na kwenye matawi ya zamani.

Matunda chuma kwa mkono, pakia kwenye pakacha lenye majani laini, yafike Darajani au Mwanakwerekwe siku hiyo hiyo. Tufaa likianguka chini limeshachubuka, hilo wape watoto.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya kubebesha miembe.