Mkopo wa HELB: Usinyamaze, Zungumza Mapema



Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995, ni deni, si zawadi. Mhitimu huanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa deni la shilingi 100,000, hiyo ni 4,000. Lakini anayechelewa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Faini ya mwezi mmoja inapita riba ya mwaka mzima!

Hapo ndipo kijana asiye na kazi huumia. Hunyamaza, jina lake likafika CRB, na mzazi aliyetia sahihi kama mdhamini akaanza kutafutwa.

Mwenye kipato kidogo asijifiche. Aende dawati la HELB katika Huduma Centre, aeleze hali yake na kuomba apangiwe malipo anayoyaweza. HELB imewahi kusamehe faini kwa waliojitokeza kulipa, ila mkopo wenyewe haukufutwa. Msamaha ukitangazwa tena, utumieni.

Anayelipa leo anamsomesha mdogo wake kesho.